Mbuzi ya Mama: shajara ya wiki 13 za kuinuka barazani

Jumapili, 5 Januari 2025

Leo nimeitoa stoo mbuzi ya mama ya kukunia nazi. Ilikuwa nyuma ya gunia la mkaa, meno yake yameliwa na kutu. Nimeisugua kwa mchanga na ndimu, nikaifuta, kisha nikaikalia. Kukaa nilikaa. Kuinuka kulinishinda mpaka niliposhika ukuta.

Nina miaka 62. Nimestaafu ualimu mwaka juzi.

Mama alikuna nazi kwa mbuzi hii mpaka alipofika miaka 76. Kibao chake hakizidi shubiri moja kutoka chini, na kwa siku alikaa na kuinuka hapo mara tatu au nne, mbali na kuchuchumaa mbele ya jiko na kuinama kisimani. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Kisha sisi wanawe tukamwonea huruma. "Mama, pumzika. Siku hizi nazi zinakunwa sokoni kwa mashine." Tukamnunulia kiti cha plastiki chenye mikono, tukamwekea maji karibu, tukampa mjukuu wa kumtuma. Tulidhani tunamtunza. Miaka mitatu baadaye hakuweza kuinuka bila kushikwa makwapani. Mwaka 2022 aliteleza bafuni usiku, mfupa wa nyonga ukavunjika, na mwaka haukuisha tukamzika.

Mwezi uliopita nilikwenda hitmani kwa jirani. Tulikaa mkekani muda mrefu, na ilipofika wakati wa kuondoka msichana wa miaka ishirini hivi akanishika mkono: "Pole bibi, inuka taratibu." Ilikuwa adabu yake njema na ninamshukuru. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimwona mama kwenye kile kiti cha plastiki.

Basi mradi ni huu. Kwa wiki 13, mimi na wazee wa mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga, tutafanya mazoezi kwenye baraza yangu. Lengo ni moja: kila mtu aweze kuinuka mwenyewe kutoka pale alipokaa, pawe ni kitini, mkekani au kwenye kigoda. Mvi na mikunjo ya uso sitavipima. Watu wakisema "huyu bado kijana" huwa wametazama uso. Mimi nataka kutazama mapaja na magoti.

Majina ya wenzangu siyaandiki. Nitawaita kwa kazi zao, kama mtaa unavyowaita.

Jumatatu, 6 Januari

Wamekuja 11, wanawake saba na wanaume wanne. Mdogo ana miaka 61, mkubwa 78.

Kipimo cha kwanza ni cha kiti. Kinatumika nchi nyingi kuwatambua wazee walio katika hatari ya kuanguka, na hakihitaji hela. Unachukua kiti kigumu kisicho na mikono, chenye urefu wa sentimita 43 hivi, unakiegemeza ukutani kisiteleze. Mzee anakunja mikono kifuani, kisha anasimama wima na kukaa, anasimama na kukaa, kwa sekunde 30, mwenzake akihesabu. Akijisukuma kwa mikono anaandikiwa sifuri. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anatakiwa afikishe angalau 12, mwanamume wa umri huo 14. Kwa wenye miaka 70 hadi 74 ni 10 kwa wanawake na 12 kwa wanaume. Aliye chini ya hapo miguu yake imeanza kumwacha, hata kama bado anatembea mpaka sokoni na kurudi.

Mimi: 10.

Fundi wa reli, miaka 70: 9. Bi mshonaji, 68: 8. Mzee wa bao, 74: sifuri. Alijaribu mara tatu, kila mara mikono inashuka yenyewe kwenye mapaja. Mwaka wa pili huu anasali kwenye kiti. Baada ya wenzake kuondoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sitaki mbio. Nataka kurudi kusali mkekani." Nimeliandika ombi lake ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya namba zote.

Aliyenishangaza ni mama wa vitumbua, miaka 66: mara 14, wala hakuhema. Anaamka saa kumi alfajiri, anachuchumaa mbele ya jiko mpaka saa mbili, anainuka kuchukua unga, anachuchumaa tena. Hajawahi kuambiwa apumzike kwa sababu hana wa kumpumzisha. Inaniuma kuyaandika hayo, na bado yeye ndiye ushahidi mkubwa kuliko wote nilioupata leo.

Kipimo cha pili ni kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10. Watafiti wa Brazili waliwapima watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, wakatoa matokeo yao mwaka 2022: walioshindwa kufika sekunde hizo walifariki kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata, hata umri na maradhi yao yalipozingatiwa. Sikuwasomea wenzangu habari hiyo, nisije nikawatia hofu siku ya kwanza. Kusimama kwa mguu mmoja hakumwongezei mtu umri, kunaonyesha tu hali ya mwili mzima. Sita kati yetu hatukufika kumi.

Ijumaa, 10 Januari

Ratiba imetulia: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12:30 asubuhi, kabla jua la kaskazi halijawa kali. Siku nyingine kila mtu anatembea kwa wakati wake.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na mazoezi ya kujiweka sawa mwili usiyumbe angalau siku tatu. La kutembea kila mzee hapa ameshalisikia. Hayo mengine mawili hakuna aliyekuwa amewaambia, na ndiyo yanayomkinga mtu asianguke.

Tunachofanya ni kukaa na kuinuka kitini, mizunguko mitatu. Kunyanyua visigino huku tumeshika ukuta. Kuusukuma ukuta kwa mikono. Na kuinua chupa za maji za nusu lita zilizojazwa mchanga. Mwenye sifuri kiti chake tunakiongeza mito miwili. Mtu anayeshindwa kuinuka kutoka chini anaweza kuinuka kutoka juu kidogo. Akizoea tunaondoa mto mmoja, kisha wa pili. Nimechora pia mstari wa chaki sakafuni, tunatembea juu yake mmoja mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, na mwingine pembeni yuko tayari kudaka.

Mwendo wa kutembea ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Bi mshonaji alianzisha kaswida njiani ili atupime. Walioifikisha mwisho waliambiwa waongeze hatua.

Jumatano, 22 Januari

Leo tumekuwa watano.

Mapaja yanawauma, na mimi ndiye niliyesababisha. Niliwapa wote hesabu moja kama wanafunzi wa darasa moja: kumi, kumi, kumi. Aliyekuwa na nguvu hakupata kitu, na aliyekuwa dhaifu alilala siku mbili. Kuanzia leo kila mtu ana hesabu yake, na anaishia pale ambapo mara mbili za mwisho zimekuwa ngumu. Nimewaeleza tofauti pia. Misuli kuuma siku moja mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida. Kiungo kuchoma ghafla, kifua kubana au kizunguzungu, hapo unaacha papo hapo na kusema.

Jioni kijana wa bibi mmojawapo amenipigia kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mwalimu. Naomba umwache mama apumzike. Umri wake si wa kurukaruka." Nilimwitikia marahaba, nikamwambia kwanza habari ya mama yangu. Kisha nikamweleza kilichofanyika Boston, Marekani, mwaka 1990: wazee kumi waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wa miaka 86 hadi 96, walipewa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane. Waliomaliza, nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na mwendo wao ukawa mwepesi. Watu wa miaka 90, mwanangu. Mama yako ana 71. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwalimu, mwangalie tu." Nimemwahidi.

Sina hasira naye. Nilisema maneno hayohayo kwa mama yangu, na kwa mapenzi hayohayo.

Ijumaa, 31 Januari

Tumerudi tisa.

Nimekuwa nikilitazama hili baraza letu kwa jicho jingine. Watu wa pwani tunalipenda, na haki yake. Hapo ndipo habari za mtaa zinapopita, bao linachezwa, muuza kahawa anasimama na birika lake. Mzee asiye na baraza hufifia mapema, hilo nimeliona kwa macho. Kwa hiyo sitaki kumwondoa mtu barazani. Ninachotaka kubadili ni kule kukaa saa nne mfululizo bila kuinuka.

Kuna jambo kuhusu Wahadza wa kwetu hapa Tanzania, wa pande za ziwa Eyasi, ambalo limenikaa kichwani. Watafiti waliwavalisha vifaa vya kupima mwendo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Ilionekana wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, hawatofautiani sana na watu wa mijini. Tofauti iko kwenye mkao. Wao hupumzika wakichuchumaa, wakipiga magoti au wakikaa chini, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kiti cha kuegemea kinaizima karibu yote.

Nikakumbuka vigoda, mikeka, mbuzi, jiko la mafiga. Nyumba za bibi zetu zilikuwa zimejaa vitu vya chini. Hakuna aliyevipanga kwa ajili ya afya, lakini vilipoondoka kimoja kimoja, sofa ikaingia, blenda ikaingia, tuliondokewa na kuinuka mara arobaini kwa siku bila kujua.

Wacheza bao wamekubali sharti hili: mchezo ukiisha, wote wanasimama mara tano kabla ya kupanga kete upya. Fundi wa reli ndiye msimamizi, na hana huruma.

Jumatatu, 3 Februari

Kipimo cha wiki ya nne. Mimi 12. Bi mshonaji 10. Fundi 11. Mzee wa bao bado sifuri kwenye kiti cha kawaida, lakini kwenye kiti chenye mto mmoja ameinuka mara nne mikono ikiwa kifuani, na mwezi uliopita mito miwili ilikuwa inamshinda.

Leo pia tumepima presha kwa mashine niliyoinunua duka la dawa. Nilikuwa nimewazuia kahawa kwa nusu saa, kila mtu akakaa dakika tano ameegemea, miguu sakafuni, bila maongezi. Fundi alisoma 178 kwa 102. Tukarudia baada ya muda: 174 kwa 100. Mpaka wa hatari unaanzia 140 kwa 90. Yeye anajiona mzima, hana hata maumivu ya kichwa.

Mchana alikwenda kituo cha afya, akarudi bila kitu. Aliyempokea alimwambia, "Mzee, kwa umri huo ndivyo ilivyo, ni uzee tu." Nilikaa na hasira mpaka magharibi. Katika utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na zaidi, karibu saba kati ya kumi walikutwa na presha ya juu. Kuenea kwake hakuifanyi kuwa jambo la kuachwa. Meno yaliyooza nayo yameenea, na tunayatibu. Presha hii ndiyo inayoleta kiharusi, na kiharusi kikimpata mtu mazoezi yetu yote hayatamsimamisha.

Kesho ninampeleka mwenyewe kwingine, tupite dirisha la wazee.

Ijumaa, 7 Februari

Fundi ameanza dawa. Daktari aliyemwona alimpima mara mbili, akampima na sukari na mkojo, akamwambia aendelee na mazoezi ila asibane pumzi anapoinuka. Hilo nimelipeleka kwa wote: toa pumzi unaposimama, vuta unapokaa.

Jumapili, 16 Februari

Habari ya chumvi. Nimeipima nyumbani kwangu kwa njia ambayo kila mtu anaweza. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko cha chai kilichosawazishwa. Nyumbani tuko watano, kwa hiyo gramu 25 kwa siku, na pakiti ya nusu kilo ingepaswa kwenda siku 20. Tarehe 2 nilifungua pakiti mpya nikaiandika tarehe kwa kalamu. Imekwisha tarehe 10, siku ya tisa. Kila mmoja wetu anakula karibu gramu 11, na bado sijahesabu ng'onda, yaani samaki wa chumvi, viungo vya pakiti na bajia za barabarani.

Nilipowasimulia barazani, wanawake wanne wakaenda kuandika tarehe kwenye pakiti zao. Njia hii ninaipenda kuliko mahubiri yoyote, maana pakiti haimgombezi mtu, inaisha tu.

Sisi wa pwani hatuna sababu ya kulalamika. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na tui vinatosha kuupa mchuzi ladha mpaka usahau chumvi. Nilipunguza robo, hakuna aliyesema kitu. Nilipopunguza nusu mjukuu akauliza. Nimesimama katikati kwa sasa. Ng'onda ninailoweka usiku kucha na kumwaga maji mara mbili.

Sukari nimeigusa kidogo tu, kwa sababu ukimnyang'anya mzee wa Tanga kila kitu siku moja hatakuja kesho. Kahawa chungu haina tatizo. Kashata zinazoisindikiza ndizo tumekubaliana ziwe moja badala ya tatu, na chai ya vijiko vinne ishuke hadi viwili kufikia Ramadhani.

Jumanne, 25 Februari

Hili la leo ningetamani kila mtu mwenye mzazi hai alisikie.

Bi mshonaji alikuwa ameganda kwenye 10. Anafanya kila zoezi, hakosi siku, lakini namba haipandi. Nikamuuliza jana alikula nini. Asubuhi chai na andazi. Mchana wali na mchuzi. Usiku uji. "Na samaki?" Akatabasamu. "Kipande changu huwa nampa mjukuu. Mimi nishakula samaki miaka yote hii, wao ndio wanakua."

Nikazunguka nikiuliza wengine. Wanawake watano kati ya saba wanafanya hivyohivyo. Kitoweo kinagawiwa kuanzia kwa baba, kisha watoto, na bibi anamalizia mchuzi. Ni mapenzi, na mimi nilikuwa namwona mama akifanya hivyo nikaona ndiyo heshima ya nyumba.

Lakini misuli ya mzee haijengwi na mchuzi. Wataalamu wa lishe ya uzeeni wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 72. Mwili wa mzee unatumia protini kwa ugumu kuliko wa kijana, kwa hiyo kipande anachokitoa kwa mjukuu ndicho anachokihitaji zaidi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, yai moja gramu 6. Dagaa, choroko, kunde, vibua vya jioni vinaposhuka bei, vyote viko hapahapa. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Sikumwambia amnyime mtoto. Nimemwomba aongeze yai moja asubuhi na kikombe cha maharage au choroko mchana, na apakue sahani yake mapema, kabla ya kugawa. Aliitikia, lakini nimemwona machozi yamemlengalenga. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza amekula nini.

Alhamisi, 6 Machi

Ramadhani imeingia. Nilikuwa nimeiogopa kama shimo katikati ya njia, maana wengi wetu tunafunga. Wenzetu wawili wenye sukari daktari wao amewakataza. Mmoja amekubali, wa pili imemchukua siku tatu na maneno ya shehe wake ndipo akaridhika. Fundi amekwenda kupangiwa saa za dawa zake, futari na daku.

Kwa wanaofunga tumehamisha zoezi usiku, baada ya tarawehe, siku mbili kwa wiki badala ya tatu, na kutembea tumekupunguza. Wasiofunga wameendelea asubuhi na mama wa vitumbua, ambaye mwezi huu kazi yake imehamia jioni.

Futari zetu ni nzuri na zina hatari zake. Muhogo, magimbi, tambi za sukari, kaimati, uji, vyote kwa pamoja saa 12:45 jioni, halafu mtu anakaa. Nimependekeza tende na maji kwanza, sala, kisha maharage au samaki viwe vya kwanza sahanini na wanga ufuate. Wengine wamefuata. Kaimati sijazigusa.

Jumatano, 19 Machi

Masika imeanza kwa nguvu. Baraza linalowa, chaki imefutika, jana tulikuwa wanne ukumbini kwangu.

Nimeitumia mvua kufanya jambo nililokuwa naliahirisha: kukagua nyumba. Tumepita nyumba nane, mimi na fundi wa reli na utepe wake wa kupimia. Tulichokikuta ni kilekile. Kandambili zilizolika soli mpaka zinang'aa. Sakafu ya bafu ya saruji iliyopigwa nili, ikilowa ni sabuni. Taa ya uani imeungua tangu Idi ya mwaka jana. Kanga au kikoi kinachoburuta. Kwenye nyumba tatu, kizingiti kirefu ambacho mzee anakivuka gizani mara tatu kila usiku akienda haja.

Fundi amefunga vipande vya bomba la chuma ukutani kwenye bafu tano, pembeni ya choo, urefu wa kiuno. Chuma kilikuwa mabaki ya mageti, saruji tulichanga. Nilipokuwa nimemshikia tochi alipokuwa anatoboa ukuta wa bafu la pili, nilijikuta nalia. Bomba moja, saruji kidogo, saa moja ya kazi. Bafu la mama lilikuwa na ukuta kama ule.

Nyumba ya nane ni ya bibi wa miaka 80, mjane, ambaye sijamwona barazani zaidi ya mwaka. Watu walisema amechoka na watu. Kumbe haoni vizuri; macho yote mawili yana ukungu mweupe, nadhani ni mtoto wa jicho, na hataki kuanguka mbele za watu. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mdogo na mtu akaona tena. Binti yake amekubali kumpeleka kliniki ya macho baada ya Idi. Mpaka hapo, bi mshonaji atakuwa anampitia kila Ijumaa na kumleta mkono kwa mkono.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita salama. Nazi za pilau na mchuzi wa kuku nimezikuna mwenyewe kwa mbuzi ya mama, tatu, na kila moja nikainuka bila ukuta. Binti yangu mdogo alitaka kunipokea. Nikamwambia akakate vitunguu.

Mzee wa bao alinisubiri mlangoni baada ya sala. Amesali rakaa zote mbili za Idi mkekani, wa kwanza kutoka mwisho wa safu, kigoda kikiwa pembeni yake. Kwenye kuinuka kutoka sijda ya pili aliweka mkono mmoja juu ya kigoda. Aliyesimama karibu naye alitaka kumshika, akamtikisia kichwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu ya Karume, wajukuu wako nyumbani na wamekuja kuhesabu. Kipimo cha mwisho.

Kati ya 11 tuliomaliza ni tisa. Mmoja amekwenda kumlelea bintiye mzazi. Mwingine aliacha kwa ajili ya goti, na hilo ni kosa langu: nilimpa zoezi la kiti cha kawaida kama wengine badala ya kumwanzia kwenye mito. Goti lililochakaa nalo linanufaika na mazoezi, ila linahitaji kuanza polepole. Nimekwenda kwake mara mbili, anafikiria.

Mimi 14. Fundi 13, na presha yake leo 138 kwa 84. Bi mshonaji 13, tangu yai na choroko. Mama wa vitumbua 15. Mzee wa bao 6, kiti cha kawaida, hakuna mto, mikono kifuani. Kwa umri wake mpaka ni 12, kwa hiyo yuko nusu ya njia. Mguu mmoja, wawili tu hawakufika sekunde kumi. Pakiti ya chumvi nyumbani kwangu sasa inakwenda siku 15.

Hatujui bado kitakachobaki tukiacha. Misuli ikiachwa wiki chache inaanza kurudi ilikotoka, kwa hiyo hatuachi. Jumatatu ijayo tunaendelea, saa ileile. Wazee sita wa mtaa wa pili wameomba kuja, na mama wa vitumbua atawaanzisha yeye. Anaeleza kuchuchumaa vizuri kuliko mimi. Viti vigumu havitoshi, tunahitaji vinne zaidi. Bibi wa miaka 80 ana miadi ya macho tarehe 15.

Wakati tunakunja mikeka, mzee wa bao aliniomba nifungue daftari ukurasa wa kwanza. Akasoma ombi lake la Januari, akakaa kimya kidogo, kisha akasema niandike jingine chini yake: sijda ya pili, bila kigoda. Nimeandika, na tarehe.